Kwa Nini Nyota Hazionekani Kwenye Picha za Mwezini: Tujaribu Wenyewe Hombolo

Mbukwenyi, ndugu watazamaji. Niko Hombolo, nje ya mji wa Dodoma, mwezi mpevu umekwisha kupanda, na nyuma yangu upo mbuyu tutakaouhitaji baadaye. Kila ninapoonyesha picha za Apollo, safari za Wamarekani kwenda mwezini, ninaulizwa mbona anga ni jeusi na nyota hazimo, na leo ningependa mlione jibu ndani ya kamera hii.

Kamera iko juu ya stendi, betri imejaa, tuendelee. Zungusheni kitufe hadi herufi M, yaani kamera mnaipanga wenyewe, na hapa ninaomba mnisikilize vizuri: msitumie otomatiki. Nilipokuwa ninajifunza nilipiga mwezi usiku kucha kwa otomatiki, na kila picha ilitoka na duara jeupe tupu, kwa sababu kamera ilipima giza lililojaa fremu, ikaona mwanga ni haba, ikauongeza mpaka sura yote ya mwezi ikafutika.

Wekeni ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 100, tundu la lenzi f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, sekunde 1/125. Pigeni. Sasa vuteni picha kwa karibu: yale mabaka meusi yanaonekana, na kreta ya Tycho, lile shimo kubwa, na miale yake, lakini pembeni hakuna hata nyota moja. Uso wa mwezi unapigwa na jua kama shamba la zabibu la hapa linavyopigwa saa sita mchana, kwa hiyo unadai mpangilio wa mchana. Wanaanga waliotua mwezini kuanzia mwaka 1969 walikuwa wakipiga ardhi hiyo yenye jua na mavazi yao meupe, nao wakapanga kamera kwa mwanga huo, ndiyo maana nyota, ambazo mwanga wake ni hafifu, hazikutokea. Hata ile picha maarufu ya dunia iliyopigwa kutoka Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972, ambamo Afrika yetu inaonekana karibu yote, haina nyota, na kwangu ndiyo picha nzuri kuliko zote.

Subirini kidogo. Upepo umeitikisa stendi, na jaribio linalofuata halitavumilia mtikisiko, kwa hiyo ninaning'iniza mfuko wa mchanga katikati ya miguu yake.

Upeni mwezi mgongo. Wekeni ISO 1600, tundu f/2.8, shata sekunde 10, na hakikisheni tena kwamba hamjarudi kwenye otomatiki. Tumeongeza mwanga zaidi ya mara laki 3. Tazameni: nyota zimejaa, na mbuyu unaonekana kana kwamba ni mchana, hata mikunjo ya gome lake inahesabika. Bila kubadili chochote, ielekezeni kamera kwenye mwezi, mtaona lile duara jeupe limerudi na kumeza kila kitu kilicho karibu nalo.

Nyota ziliwahi kupigwa kutoka mwezini. Mwaka 1972 wanaanga wa Apollo 16 walipeleka kamera ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, iliyobuniwa na George Carruthers, nao waliisimamisha katika kivuli cha chombo chao. Nanyi fanyeni hivyo: sogezeni stendi hadi kwenye kivuli cha mbuyu, mwanga wa mwezi usigonge kioo cha lenzi, kisha pigeni tena.