Ukiingia, Uliza Mlango wa Kutokea

Hamjambo? Nianzie Kirinyaga Road, Nairobi, kwenye duka moja la spea za magari. Mwenyewe ni mzee ninayemheshimu. Kasema nisimulie, mradi nisimtaje.

Stoo yake yote ilikuwa ndani ya programu aliyotengenezewa na kijana mmoja: bei, namba za spea, madeni ya mafundi. Kijana akahama, simu ikawa haipatikani. Halafu ikaja eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Kuanzia Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS KRA haiikubali kwenye hesabu ya kodi, kwa hiyo wateja wenye kampuni wakaanza kumdai ankara hizo. Programu ile haikuunganika na chochote, na nywila ya hifadhidata aliondoka nayo kijana.

Tulikesha siku tisa, mimi na binti yake. Kioo kilionyesha mistari kumi tu kwa mara moja, hakuna pa kutolea orodha. Yeye anasoma, mimi nachapa upya: "Brekipedi za Probox, mbele, kumi na nne."

Najua mtaniambia, mwalimu, si angenunua kwa kampuni kubwa? Haya. Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023. VMware ndiyo programu inayoigawa seva moja ifanye kazi kama seva nyingi, na makampuni mengi yamejengwa juu yake. Mwezi uliofuata wakatangaza kwamba leseni za kudumu haziuzwi tena, sasa ni kulipia kwa muda. AT&T, jitu zima la simu kule Marekani, ilienda mahakamani 2024 ikidai inanyimwa nyongeza ya muda wa huduma iliyokuwa kwenye mkataba. Baadaye wakapatana. AT&T ina mawakili; wewe una nani?

Sisemi mjitengenezee. Ya mzee ilikuwa ya kujitengenezea!

Ninachosema ni hiki: kabla hujalipa, mwambie muuzaji akutolee orodha ya wateja hapo hapo, uifungue kwenye kompyuta nyingine, mbele yake. Akisema "hilo tutaliangalia baadaye", funga mkoba wako. Na kama anakutengenezea wewe peke yako, mkataba useme msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu, utawekwa kwa wakili.

Mzee sasa ana programu mpya. Kila Ijumaa jioni binti hutoa nakala kwenye flashi, inakaa kwenye droo ya pesa. Juzi nilipopita niliiulizia. Ilikuwa kwenye gari, inapiga muziki.