Listra: Mahubiri Yaliyoanza na Mvua

Wazee wa kanisa, wainjilisti, kina mama na vijana wa Moshi mliokuja jioni hii, najua wamo humu ndani waliokwisha kunong'onezana, "Mzee ameanza tena Listra yake." Nimeanza tena, na nitaendelea kuanzia hapo mpaka siku nitakapomsikia mhubiri wa mtaani akiuliza swali kabla ya kutoa jibu.

Kisa cha Matendo ya Mitume sura ya 14 mnakijua, jinsi Paulo, akiwa na mwenzake Barnaba, alivyomponya kiwete katika mji wa Listra, kwa hiyo sitakisimulia. Nawaomba mtazame mstari wa 11, ambao wengi wetu huusoma mbio: makutano walipaza sauti zao kwa Kilikaonia, lugha yao ya kienyeji. Yaelekea Paulo alikuwa amehubiri kwa Kiyunani, lugha ya soko na serikali katika upande ule wa dola, kama Kiswahili kilivyo kwetu. Lakini mshangao ulipowazidi, watu wale walirudia lugha ya jikoni kwa mama zao. Barnaba akafanywa Zeu, Paulo akafanywa Herme, miungu ya Wayunani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa msemaji, na wote wawili wakaendelea kusimama pale mpaka kuhani alipofika malangoni na ng'ombe na mashada ya maua. Luka, mwandishi wa kitabu hiki, hasemi wazi kwamba hawakuelewa, lakini mtu anayeelewa kwamba anaitwa mungu hangoji ng'ombe afike.

Walipotambua, walirarua mavazi yao wakakimbilia katikati ya watu. Sasa sikilizeni Paulo anasema nini. Hamtaji Ibrahimu, hamtaji Daudi, wala hanukuu nabii hata mmoja. Anataja mvua, nyakati za mavuno, na chakula kinachofurahisha mioyo. Sura moja tu nyuma, katika sinagogi la Antiokia ya Pisidia, mtu huyo huyo alikuwa amewapitisha wasikilizaji wake kutoka Misri hadi kwa Samweli, mfalme Sauli na Daudi, kwa sababu wale walikulia humo. Watu wa Listra hawakumjua Sauli, mvua waliijua.

Kuna ndugu ataniuliza kama Paulo aliificha Injili siku ile, maana katika maneno hayo machache jina la Yesu halimo. Hakuificha. Mstari wa 7 unasema walikuwa wakiihubiri Injili huko huko, na hapa kazi yake ya kwanza ilikuwa kuokoa ng'ombe asichinjwe kwa heshima yake. Mwingine atanikumbusha kwamba Petro siku ya Pentekoste alianza moja kwa moja na nabii Yoeli. Ni kweli, na alikuwa akisema na Wayahudi waliokuja Yerusalemu kwa sikukuu. Ukiwa na wasikilizaji wa namna hiyo pale sokoni Kiboriloni, anza na Yoeli.

Nimekitaja Kiboriloni kwa makusudi. Siku moja nilisimama katika soko lile karibu na mama aliyekuwa akipanga nyanya kwa mafungu, na hatua chache kutoka hapo mhubiri alikuwa ameelekeza spika mbili kwetu, akitutisha kwa wanyama wa Ufunuo, pembe kwa pembe. Yule mama alipangusa nyanya moja kwa pindo la kanga, akaiweka juu ya fungu, kisha akaniuliza, "Baba, huyu anagombana na nani?" Sikuwa na jibu. Msiniambie kwamba Bwana aliagiza tuhubiri juu ya dari za nyumba. Aliyesimama juu ya dari anamwona anayesema naye, na jirani akimjibu, anamsikia.

Wamisionari wa Leipzig, kutoka Ujerumani, walipoanza kazi Machame mwaka 1893 walilikuta jina la Ruwa, yaani Mungu kwa Kichaga, midomoni mwa wazee wetu, nao wakalitumia. Mmoja wao, Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kufanya kazi miaka mingi Kidia, Old Moshi, aliketi na wazee akaandika desturi na sheria zao za ukoo, ujirani na rika. Yako aliyokosea, na siku nyingine nitayasema bila kumwonea haya. Lakini kusikiliza alisikiliza, tena kwa Kichaga, na ninyi mliozaliwa ndani ya Kichaga mnawapita bibi zenu barabarani na kipaza sauti begani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kufika Athene, ambako Paulo aliutembelea mji akitazama madhabahu zao kabla ya kusimama Areopago, mbele ya baraza la mji. Someni wenyewe Matendo 17, na anayedai kwamba kule alishindwa aeleze Dionisio na Damari, walioamini siku ile, waliamini kitu gani. Mahema ambayo Paulo aliyashona Korintho, na swali la mhubiri kula jasho lake, nayaacha, ingawa naona baadhi yenu mmefurahi.

Ila Listra siwezi kuiacha nusu. Watu wale wale waliotaka kumchinjia ng'ombe walishawishiwa na Wayahudi kutoka Antiokia na Ikonio; Paulo akapigwa mawe, akaburutwa nje ya mji, akadhaniwa amekufa. Kesho yake akaenda Derbe, na kutoka Derbe akarudi. Akaingia tena Listra, akakaa na wanafunzi, akawawekea wazee. Alipopita huko mara nyingine, kama sura ya 16 inavyosimulia, alimkuta kijana mmoja aitwaye Timotheo, baba yake Myunani na mama yake Myahudi aliyeamini, akamchukua wakaondoka pamoja.