Godoro la Bwenini

HADIJA: Kaka Swaleh, wenye gari la taka wamelikataa godoro la binti yangu. Jumanne asubuhi, majirani wakitazama. Wanasema linajaza gari na uzito halina.

SWALEH: Lile la bluu ulilolipeleka bwenini kwa boda?

HADIJA: Lilelile. Jina lake bado linasomeka pembeni.

SWALEH: Ngoja. Langu lilikuwa na majina matatu. La kaka mkubwa, limekatwa, la wa pili, limekatwa, kisha langu. Siku ya kufungua shule tulinyeshewa njia nzima hadi Masaka. Sponji ikanywa mvua yote. Nililala juu ya vyuma siku tatu, mama hakujua.

HADIJA: Hukumwambia?

SWALEH: Angeuza nini tena? Mpaka leo muhula ukifunguliwa, nikiona boda imebeba godoro, namtafuta kwanza mtoto.

HADIJA: Pole, kaka. Yaani umenitoa kabisa kwenye maabara, huko tunakotafiti sponji.

SWALEH: Rudi basi. Kwa nini lisiyeyushwe kama chupa?

HADIJA: Haliyeyuki. Hiyo sponji ni poliyurethani, aina ya plastiki aliyoigundua Otto Bayer na wenzake Ujerumani mwaka 1937. Minyororo yake imefungana kama wavu. Ukizidisha moto inaungua, na moshi wake una sumu ya sianidi. Sisi tunaikatakata, tunaichemsha ndani ya kimiminika kiitwacho glikoli karibu nyuzi 200, vifungo vinakatika. Ukiiacha itulie inajitenga: juu poliyoli, mafuta mazito ya kutengenezea sponji mpya, chini mchanganyiko wenye kemikali ziitwazo amini, na baadhi ni sumu. Hiyo ya chini ndiyo inayoninyima usingizi.

SWALEH: Na fundi wa makochi hapa Katwe anaikatakata vilevile, anajaza mto, anauza leo.

HADIJA: Mto nao utachakaa. Utakwenda wapi?

SWALEH: Miaka kadhaa baadaye! Jalala la Kiteezi, Kampala, liliporomoka Agosti 2024, watu wakafukiwa. Unataka tusubiri utafiti wa baada ya uzamivu uishe?

HADIJA: Nataka godoro lizae godoro. Mto unaahirisha taka tu.

SWALEH: Kuahirisha ni kazi, dada. Ni chakula cha mtu.

HADIJA: Sijakidharau chakula chake. Lakini tukiridhika na mito, hakuna atakayejenga kiwanda.

SWALEH: Na tukingoja kiwanda, sponji itachomwa nyuma ya nyumba, watoto wavute moshi huo uliousema.

HADIJA: Ndiyo maana nakimbilia kiwanda!

SWALEH: Ndiyo maana mimi namkimbilia fundi. Hapo sitoki.

HADIJA: Wala mimi.

SWALEH: Dakika mbili za kipindi zimebaki. Uliahidi mambo matatu ya kuangalia dukani kabla ya kununua godoro.

HADIJA: Hayatoshi kwenye dakika mbili, tuyaache. Niambie, lile lako lilikauka?

SWALEH: Siku ya nne. Matroni alilianika mwenyewe juu ya ua wa michongoma, akaligeuzageuza mpaka magharibi.