Waraka Unapotoka Mezani

Walimu na wanafunzi, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie ofisi zinazomsaidia Rais kuendesha serikali. Nyumba hiyo ina vyumba vingi, nami leo naingia kimoja tu: Sekretarieti ya Baraza la Mawaziri. Nimekichagua kwa sababu baadhi yenu mwakani mtapangiwa masijala, ofisi ya kutunza majalada, na hamtakosa mtu wa kuwaambia kwamba masijala ni mahali anapopelekwa mtumishi asiye na kazi. Nilianzia huko. Msimsikilize.

Fungueni Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 54. Baraza la Mawaziri ndicho chombo kikuu cha kumshauri Rais. Wajumbe ni Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Rais wa Zanzibar na Mawaziri wote. Mwanasheria Mkuu wa Serikali huhudhuria na huzungumza, ila hapigi kura. Rais mwenyewe ndiye anayeongoza kikao. Haya, sasa nendeni ibara ya 60. Hapo anatajwa Katibu wa Baraza, na majukumu yake ukiyasoma harakaharaka utadhani ni ya karani: apange ratiba ya mikutano na orodha ya shughuli zake, aandike na kutunza kumbukumbu, awaarifu wanaohusika na kila uamuzi. Lakini anayeyabeba ni Katibu Mkuu Kiongozi, ambaye ndiye mkuu wa utumishi wa umma nchini. Kazi ya kuandika muhtasari amepewa mkubwa wa watumishi wote. Hilo lilinishangaza nilipokuwa kijana. Siku hizi naona ndivyo inavyopaswa kuwa.

Waingereza walichelewa sana kulijua hili. Hadi Desemba 1916 mawaziri wao walikuwa wakikutana London bila katibu na bila muhtasari. Waziri Mkuu alikuwa akimwandikia mfalme barua tu kueleza yaliyojadiliwa. Katika karne ya 19 ilitokea ofisi ya waziri mmoja ikamwandikia msaidizi wa Waziri Mkuu kuuliza kikao kimeamua nini, maana waziri alikuwemo kikaoni na hakujua! Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyowalazimisha. Lloyd George alipoingia madarakani kama Waziri Mkuu alimweka Maurice Hankey kuwa katibu, naye Hankey akakaa kwenye kazi hiyo hadi 1938. Wao hawana katiba iliyoandikwa katika kitabu kimoja. Sisi wajibu wa katibu tumeuandika ndani ya Katiba yenyewe, na hilo najivunia.

Waraka, yaani andiko la wizara linaloomba uamuzi wa Baraza, hauanzii Ikulu. Unaandikwa wizarani, unapelekwa Sekretarieti, unajadiliwa na Kamati ya Makatibu Wakuu, ndipo ufike kwa Mawaziri. Hapo kwa Makatibu Wakuu nataka tukae kidogo. Chukueni mfano: Kilimo wanaomba ruzuku ya mbolea, Fedha wanasema hazina haina uwezo huo mwaka huu. Mabishano yatakuwa makali, na ndivyo yanavyotakiwa. Kishawishi cha mwandishi ni kuyalainisha, aandike kwamba "wizara mbalimbali zilitoa maoni", waraka upande juu ukiwa mtulivu na mzuri wa kusoma. Kufanya hivyo ni kumwibia Rais.

Maana ibara ya 37 inasema Rais halazimiki kufuata ushauri anaopewa. Ana haki ya kuukataa ushauri wa Fedha, au wa Kilimo, au wote wawili. Lakini atakataaje neno ambalo halikumfikia? Kisha unganisheni hilo na ile ibara ya 54: mahakama hairuhusiwi kuchunguza Baraza lilimpa Rais ushauri gani. Jaji hawezi kuuliza. Mwandishi wa habari haingii. Wajumbe wamekula kiapo cha kutunza siri. Anayebaki kuwa shahidi ni muhtasari. Ukiwa na kasoro, hakuna pengine pa kwenda kuusahihisha. Ndiyo maana kila nikimwona kijana anaandika dokezo kwa kubahatisha, moyo wangu unauma.

Mengine ya ratiba na orodha ya shughuli mtafundishwa darasani, si magumu.

Nimalizie na lile jukumu la kuwaarifu wanaohusika. Nikiwa mpya kazini, katika ofisi moja ya mkoani, tulipokea barua ya maelekezo kutoka juu. Ilikuwa na lugha nzuri kweli. Haikutaja nani atekeleze wala lini. Mkuu wangu akaandika juu yake "tuongee", mwingine chini yake akaandika "nimeona", jalada likaendelea kutembea kutoka meza hadi meza. Wananchi waliokuwa wakisubiri uamuzi ule walikuja kaunta kila wiki, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia waje wiki ijayo. Mzee mmoja alikuwa akitoka mbali kwa baiskeli. Siku moja hakuja tena. Jalada lilikuwa bado linatembea.

Sijui kama yupo aliyekuwa na nia mbaya katika jambo lile. Uamuzi ulitolewa, na yawezekana ulikuwa mzuri. Aliyeunakili kutoka kikaoni kuja kwetu aliacha maneno mawili matatu, ya nani na lini, akadhani yanajulikana. Hayakujulikana.

Kwa hiyo mchana huu hatutasikiliza mhadhara mwingine. Nimewaletea waraka wa kubuni wenye kurasa nne na mabishano ya wizara tatu ndani yake. Kila mmoja ataandika dondoo ya uamuzi: nani atekeleze, atekeleze nini, ifikapo lini, na wizara ipi haikukubaliana na kwa hoja gani. Mistari isizidi sita. Mkishamaliza mbadilishane na jirani, na kama jirani atahitaji kukuuliza chochote ndipo aelewe, uandike upya.