Bidhaa Imekataliwa? Nionyeshe Faili Lako

Ndugu zangu, mnaonifahamu mnajua nitaanzia wapi: bakodi. Sichoki kulisema hili kwa sababu simu hazikomi. "Mwalimu, bidhaa zangu zimekataliwa Google Merchant Center, wana nini na mimi?" Hapo ndipo muuzaji hupakia faili la orodha ya bidhaa zake ili Google izionyeshe. Hawana neno na wewe. Nitumie faili.

Dada mmoja muuza sabuni na mafuta ya nazi, hapahapa Dar es Salaam, alinitumia lake. Bidhaa 40, bakodi moja! Zote 6201010000000. Hiyo 620 ya mwanzo ni sawa, ndiyo ya GS1 Tanzania, shirika linalotoa namba za bakodi. Hizo sufuri je? Alipakua CSV, yaani faili la maandishi matupu lenye orodha ya bidhaa, kutoka dukani kwake mtandaoni, akaibofya mara mbili, ikafunguka kwenye Excel. Excel ikikuta tarakimu zaidi ya 11 huonyesha kwa kifupi: 6.20101E+12. Yeye akabadilisha bei moja tu, akahifadhi, akafunga. Kilichohifadhiwa ni kile kifupi. Tarakimu za nyuma zimekwenda.

Inajulikanaje kuwa namba ni batili? Haya, tupige hesabu. Tarakimu ya mwisho ni ya kukagua zilizotangulia. Kuanzia kushoto, zidisha kwa 1, kwa 3, kwa 1, kwa 3: tunapata 6, 6, 0, 3, 0, 3. Jumla 18. Ili ifike kumi kamili inayofuata, yaani 20, inatakiwa 2. Faili linasema 0. Itapita vipi?

Utaniambia, "Nikibadilisha seli kuwa Number, namba inarudi." Inarudi kama hujahifadhi na kufunga! Ukishafunga, kapakue upya, na safari hii usibofye. Ingia Data, leta faili kwa From Text, safu ya bakodi ichagulie Text. Kinachoniuma ni kwamba yule dada alipoteza siku tatu akipakia faili lilelile, akidhani mtandao unasumbua.

Muda umeniishia. Bei: andika 15000 TZS, si 15,000/=, na ilingane na iliyo kwenye ukurasa wa bidhaa; ukishusha bei dukani, faili nalo lishuke saa hiyohiyo. Kwenye XML, aina nyingine ya faili la orodha, alama ya & huandikwa &, la sivyo faili zima halisomeki. Picha tutazizungumza siku nyingine.

Wenye kompyuta, fungueni faili zenu kwa Notepad, maana yenyewe huonyesha kilichomo kama kilivyo. Tazameni safu ya bakodi. Nani ameona E?