Mtihani wa mwanafunzi aliye mbali: tuanze na swali moja la mkonge

Karibuni, walimu wenzangu. Nipo Tanga mjini, Chumbageni, na hii mezani ni karatasi ya mtihani niliyoitunga wakati wanafunzi wakikaa ukumbini. Leo tunaigeuza imfae aliye Korogwe au Pangani, mwenye simu na bando la kupimia.

Soma swali la kwanza: "Nani alileta mkonge Tanga, na mwaka gani?" Nyumbani hilo si swali tena. Anagusa simu, Richard Hindorf, 1893, kamaliza. Kumwekea kamera ya kumchungulia sikushauri. Umeme ukikatika utamwita mwizi bure.

Futa. Andika hivi: "Mkonge uliletwa Tanga na Hindorf mwaka 1893. Zungumza na mtu aliyewahi kufanya kazi ya mkonge karibu na kwenu. Eleza jambo moja alilosema lisiloafikiana na tulilosoma, kisha sema unamwamini nani na kwa nini." Umeona? Jibu la zamani nimewapa mwenyewe. Wa Korogwe na wa Pangani wakileta maneno yaleyale, hapo una la kuuliza.

Muda sasa. Saa mbili za ukumbini ziache hukohuko. Toa siku tatu, kurasa mbili, na ruhusa ya kuandika kwa mkono na kupiga picha. Kwenye Moodle, mfumo wa mtandaoni wa kupokea kazi za wanafunzi, tarehe ya kuwasilisha na tarehe ya kufunga ni vitu viwili. Ziachanishe kwa siku moja: mfumo utamwonyesha amechelewa, ila utampokea.

Alama wazione kabla. Mimi kati ya 20 natoa 6 za mahojiano, 10 za hoja, 4 za lugha. Hoja nimezipendelea, najua.

Halafu simu ya dakika tano, na upige wewe, kwa salio lako. "Huyo mzee ulimkuta wapi? Ulipombishia alisemaje?" Aliyeandikiwa kazi ataanza kukohoa. Darasa likiwa na watu 200 hutawamaliza. Chagua 20 kwa kura, na wote wajue mapema kwamba kura ipo.

Nimeacha la kufanya kwanza kabisa. Wiki moja kabla, waagize watume picha ya karatasi yenye jina tu, jaribio lisilo na maksi yoyote. Wale ambao picha zao hazikufika, wapigie siku hiyohiyo.