Usiigonge Almasi kwa Nyundo: Namna ya Kuikagua Ukiwa Nyumbani

Karibuni, watazamaji wangu. Leo nipo Ngamiani, Tanga mjini, na mkononi nina pete ya shangazi yangu. Kuna mtu kamwambia aigonge kwa nyundo, ikipona ndiyo almasi. Jamani, msifanye hivyo! Almasi ni ngumu kuchubuka, lakini kupasuka inapasuka, tena kirahisi ukiilenga upande wake dhaifu. Wachongaji wenyewe huipasua hivyo.

Hatua ya kwanza, basi, nyundo kando. Wala usiipime kwa kukwaruzia kioo. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs almasi ni 10, kioo kiko kwenye 5 na nusu hivi. Hapo katikati vito vimejaa: safaya ya Umba, huku kwetu, ni 9, na ganeti hufika 7. Vyote vinachora kioo.

Hatua ya pili, ioshe. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, mswaki laini, halafu ikaushe kwa kitambaa safi. Usiruke hatua hii, maana almasi inapenda mno mafuta. Migodini walikuwa wakizinasa kwa meza zilizopakwa grisi. Mafuta ya vidole tu yanatosha kuifubaza.

Hatua ya tatu, ipulizie pumzi kama unayetaka kusafisha miwani. Tazameni hapa karibu: ukungu umetanda, na papo hapo umetoweka. Almasi husambaza joto upesi sana. Ukungu ukikawia sekunde kadhaa, tia shaka. Ukitoweka, usishangilie bado, kwa sababu moisanaiti, kito cha maabara, nayo hufanya hivyo hivyo.

Hatua ya nne ndiyo ninayoitegemea zaidi: lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Isogeze karibu kabisa na jicho, kisha lete pete mpaka uone vizuri. Angalia kingo pale nyuso zilizochongwa zinapokutana. Za almasi ni kali. Za kioo kilichovaliwa siku nyingi zimelika. Sasa iinamishe kidogo. Mistari ya nyuma ikionekana miwili miwili, hiyo si almasi, huenda ni moisanaiti. Ukiona vidoa ndani, usiseme ni feki. Almasi nyingi za ardhini zinavyo. Wala rangi isikutishe: mwaka 1947 mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, karibu gramu 11, na mwenye mgodi, Dk. John Williamson, akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza.

Wengine husema almasi ni makaa ya mawe yaliyokomaa. Hapana. Zote ni kaboni, ila almasi nyingi zilijengeka kilomita 150 au zaidi chini ya ardhi, kabla nchi kavu haijaota mmea wowote.

Hatua ya mwisho, mpelekee sonara mwenye kipimo cha joto na umeme pamoja, kwa kuwa cha joto peke yake hudanganywa na moisanaiti. Simama hapo hapo akipima. Almasi ya maabara, yaani iliyotengenezwa na watu, itapita vipimo hivyo vyote, kwa sababu nayo ni almasi kweli. Kuitenganisha na ya ardhini kunahitaji mitambo maalumu, kwa hiyo dai cheti kabla hujalipa. Na ukiletewa jiwe ghafi, usilinunue mtaani: biashara hiyo inataka leseni. Ulizia kwanza ofisi ya madini ya mkoa.